Tatu-saba-tano ya Mzee wa Baridi: maoni ya aliyeibeba, si aliyeipiga

Niseme mapema nisije nikaonekana mjuaji: bunduki hii sijaipiga hata risasi moja. Kazi yangu ni kufuata nyayo na kubeba mzigo wa mgeni. Lakini nimeibeba siku 16 msimu wa kwanza na siku 14 msimu uliofuata, kwenye kitalu cha uwindaji huku Liwale, upande wa vijito vinavyoshukia Mto Matandu. Nimeifuta jasho kila jioni, nimeokota maganda yake yote, na siku moja nusura ituaibishe. Kwa hiyo maoni haya ni ya bega, si ya kidole.

Mwenyewe ni mzee wa miaka 67 kutoka kaskazini ya Ulaya, nchi ya theluji. Kambini tulimwita Mzee wa Baridi. Ni mtu wa watu, ila aliwapa shikamoo wote aliokutana nao, mpaka mtoto wa mpishi, na yule mtoto akawa anaitikia marahaba bila aibu.

Bunduki haikununuliwa dukani. Ilitengenezwa na fundi kwa kipimo cha mwenyewe, kama suti ya kushonesha. Urefu wa kitako ulipimwa kwa mkono wake, na akilaza shavu juu ya ubao, jicho linaikuta darubini palepale bila kutafuta. Mashine ni ya mtindo wa Mauser wa mwaka 1898, ule wenye ukucha mrefu ubavuni mwa komeo, ile nondo ya kusukuma risasi mbele na kurudi. Ukucha huo unaidaka risasi ikitoka tu magazini, kisanduku cha risasi tumboni mwa bunduki, na hauiachi mpaka ganda litupwe nje. Mtu akitishika, akasukuma komeo nusu njia kisha akarudisha, risasi ileile inarudi nayo. Haibaki mbele ikaja kugongwa kitako na ya pili. Kwa swala pala huo ni urembo. Kwa nyati aliyejeruhiwa ndani ya nyasi ndefu, mimi niliye mbele bila silaha nauombea dua ukucha huo.

Uzito wake, pamoja na darubini na risasi nne ndani, ni kilo nne na nusu kasoro kidogo. Niliipima kwa mizani ya mchunaji. Si nyepesi, lakini imekaa sawa: ukiishika katikati hailali mbele wala nyuma. Pete ya mkanda wa mbele imefungwa kwenye mtutu wenyewe, si kwenye ubao, kwa hiyo ukiitundika begani mdomo wa mtutu unashuka na haukamati matawi. Waliowahi kupita kwenye vichaka vya huku na bunduki yenye mtutu unaochomoza juu ya kichwa wataelewa ninachosema.

Sasa kuna kitu kilichonichekesha. Ncha ya ubao, pale mbele unaposhika kwa mkono wa kushoto, ni nyeusi tii na baridi kama jiwe. Nikaigusa nikajua: mpingo. Nikamuuliza Mzee kupitia mwindaji bingwa wetu, kijana wa Nachingwea anayeniita mjomba. Mzee akasema ndiyo, ni mti mweusi wa Afrika, fundi wake aliununua kipande kwa bei ya kutisha. Nikamwambia huo mti unaota hapa, Kilwa watu wanaulinda msituni kama mali ya kijiji, na Wamakonde wameuchonga tangu mababu. Umekwenda Ulaya ukarudi Liwale umevaa bunduki! Mzee aliucheka usiku mzima. Na shabaha ya mbele ina punje nyeupe iliyochongwa kwenye jino la ngiri, eti ionekane alfajiri. Na kweli inaonekana. Basi nusu ya urembo wa bunduki hii ni wa kwetu.

Tuje kwenye risasi, maana ndiyo habari yenyewe.

Kambini tunaiita tatu-saba-tano, namba ya upana wa risasi kwa sehemu za inchi. Jina lake kamili ni .375 H&H Magnum, ya kampuni ya Holland & Holland ya London, mwaka 1912. Usiku wa pili tulikaa motoni, mihogo ya kuchoma mkononi, tukimuuliza Mzee kwa nini achague risasi yenye umri wa zaidi ya miaka mia wakati dunia imejaa magnamu mpya, yaani risasi zenye baruti nyingi kuliko kawaida. Akaanza mbali.

Mwanzo aliitamani .300 Winchester Magnum, ya mwaka 1963. Hiyo ina mbio: kichwa, kile kipande kinachoruka kikaacha ganda nyuma, kikiwa cha greini 180 kinatoka kwa kasi ya kama mita 900 kwa sekunde. (Greini ni kipimo cha watu wa risasi, kumi na tano na nusu hivi ndiyo gramu moja.) Ni nzuri kwa palahala aliyesimama ng'ambo ya mbuga. Lakini kwetu Tanzania wanyama hatari, nyati na wenzake, hawapigwi kwa chini ya .375, na Mzee alitaka bunduki moja tu ya kusafiri nayo. Akaigeukia .416 Rigby ya mwaka 1911, kichwa cha greini 400. Aliisifu sana: ganda lake ni pana, baruti ina nafasi ya kutosha na msukumo wa ndani ni mdogo, kwa hiyo joto haliisumbui. Ila inataka mashine kubwa, bunduki inakuwa nzito, na teke lake si la bega la miaka 67.

Akataja .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, hapo nikamkatiza. Hiyo naijua, ndiyo niliyoikuta mikononi mwa askari wa wanyamapori tangu nikiwa kijana. Marehemu baba alifanya nao kazi, na kabla ya kuingia porini alikuwa akiitikisa kila risasi sikioni. Mimi nilidhani ni tambiko. Kumbe kulikuwa na maneno: ganda lilifanywa fupi ili liingie kwenye mashine za kawaida, baruti ikabidi ishindiliwe ndani, na risasi zilizokaa sana baruti yake iligandamana, nyingine zikawa zinatoka kwa uchovu. Mzee akatabasamu, akasema kwa heshima zote kwa marehemu, baruti iliyoshindiliwa haitikisiki hata ikiwa nzima, kwa hiyo sikio halikumsaidia. Sikupenda kusikia hivyo, lakini nadhani yuko sahihi.

Ya .375 aliisifia kwa umbo. Zamani baruti ya Waingereza ilikuwa ya nyuzinyuzi, kama tambi za futari, nao wakatengeneza ganda linalosinyaa taratibu kuelekea mdomoni kama pembe ya mbuzi. Kitu chenye umbo hilo kinaingia kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu, bila kubishana, na kikishatanuka kwa moto kinatoka kwa wepesi. Mkanda wa shaba ule mnene chini ya ganda uliwekwa kwa sababu hiyohiyo: mabega ya ganda yamelala mno kuizuia risasi isizame, ndipo wakaifunga mshipi kiunoni. Tena ina tabia njema. Bunduki nyingi za aina hii ukibadilisha kichwa, cha greini 270 ukaweka cha 300, zinatua karibu palepale. Tulipojaribu kwenye karatasi hatua mia, juu ya magunia ya mchanga, zile za mbele laini na zile ngumu zilikaa pamoja ndani ya vidole vitatu. Hilo niliona kwa macho yangu.

Risasi zenyewe alizijaza mwenyewe kwake. Sisi Wangindo gobori tunalijua: baruti, kitambaa, kipande cha chuma, na fataki ya kuwashia baruti. Kujaza risasi kwa mkono ni gobori lililokwenda shule. Maganda yaliyokwisha kupigwa yanasafishwa, yanapakwa mafuta na kusukumwa ndani ya kalibu yarudi umbo. Fataki iliyokufa inatolewa. Ganda likirefuka linakatwa. Inawekwa fataki mpya, ile ya magnamu yenye moto mkali zaidi maana baruti ni nyingi. Baruti inapimwa punje kwa punje kwenye mizani ndogo, kufuata kitabu cha watengenezaji, na mtu mwenye akili huanza chini akapanda kidogokidogo. Mwisho kichwa kinakandamizwa mdomoni na kubanwa. Faida yake? Anachagua kichwa anachokitaka, na anatafuta kipimo ambacho mtutu wake unakipenda, maana mitutu nayo ina maringo.

Kwa nyati alichagua vichwa vya Nosler vya greini 300, vile vyenye ukuta katikati, ambavyo John Nosler wa Marekani alianza kuviuza mwaka 1948. Nusu ya mbele inafunguka kama ua, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea na safari. Nyuma yake magazini huweka zile ngumu zisizofunguka, kwa ajili ya mnyama anayekimbia akikupa matako.

Kwa wanaosoma huku kwetu: haya si mambo ya kujaribu nyuma ya nyumba. Baruti na fataki tupu hazipandi ndege, risasi nzima zinaruhusiwa kilo tano tu kwa abiria, na kibali cha polisi kinaandikwa bunduki gani na risasi ngapi. Mzee alihesabu maganda kila jioni kama mama anayehesabu vifaranga.

Haya. Msimu wa kwanza, siku ya tatu, Oktoba. Waliowahi kukaa Liwale mwezi huo wanajua jua la saa nane linavyokuwa, miyombo imepukutika, ardhi nyeusi kwa moto wa nyika, kivuli hakuna. Sanduku la risasi lilikuwa limeachwa juu ya dashibodi ya gari tangu asubuhi, nyuma ya kioo. Tukamkuta kongoni dume, tukamfuata kwa mguu nusu saa, Mzee akapiga. Kongoni akaanguka palepale. Mzee akanyanyua mkono wa komeo ili aweke nyingine. Komeo halikunyanyuka.

Akavuta, wapi. Akalipiga kwa kiganja mara moja, mara mbili, ya tatu likafunguka kwa kishindo kama mlango wa stoo. Ganda lilipotoka nililidaka likiwa la moto. Fataki yake ilikuwa imelala bapa kama sarafu iliyogongwa na treni, na chini ya ganda kulikuwa na alama inayong'aa, chuma kimejichora juu ya shaba. Mwindaji bingwa alilitazama, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili mgeni asielewe: "Mjomba, hizi zimejazwa kwa ajili ya theluji." Kisha akamgeukia Mzee kwa Kiingereza, na sura yake haikuhitaji mkalimani.

Kosa lilikuwa hivi. Mzee alitafuta kipimo chake huko kwao majira ya baridi, kwenye uwanja wa shabaha wenye barafu, akapanda mpaka juu kabisa ya kitabu, akapata mita 790 kwa sekunde akafurahi. Baruti aliyotumia ikipata joto inawaka kwa haraka zaidi, na msukumo ndani ya chemba unapanda. Kilichokuwa salama kwenye barafu kikawa hatari kwenye dashibodi ya Liwale. Lile umbo la pembe ya mbuzi alilolisifu motoni ndilo lililotuokoa. Ganda lililosimama wima nadhani lingebaki humo mpaka tutafute ufito wa kulisukumia. Na mita zile 20 alizozikimbilia juu ya kasi ya kawaida zingempa nini? Kongoni alikuwa hatua 90. Nyati tunampiga hatua 50 au 60. Hapo hakuna mnyama anayejua tofauti ya mita 20.

Jioni mwindaji bingwa akamwagiza apitishe kila risasi iliyobaki kwenye bunduki yake, nje ya kambi, mdomo wa mtutu umeelekea kichuguu, kidole mbali. Ikapatikana moja ngumu iliyojazwa ndefu mno. Pua yake iligusa ukuta wa mbele wa magazini ikakataa kupanda. Mzee aliikalia kimya muda mrefu hiyo moja. Zote za mkono zikafungiwa, tukamaliza safari kwa pakiti moja ya kiwandani aliyokuja nayo kama akiba. Nyati wake alimpata siku ya 13 kwa risasi ya dukani. Alifurahi, ila furaha ya mtu aliyealikwa harusini akavaa shati la kuazima.

Kama ningeandika maoni haya mwaka ule, bunduki ningeipa nyota nne na risasi zake nyota moja, tena kwa huruma.

Akarudi. Safari hii alikuja na sanduku jipya na daftari. Alikuwa amebadili baruti akatafuta ile isiyojali sana joto, akashuka kipimo mpaka mita 755, kisha akafanya jambo ambalo lilinipa imani naye: majira ya joto ya kwao aliziacha risasi ndani ya gari lililofungwa hadi ziwe za moto, ndipo akazipiga na kukagua fataki moja moja. Tena alirekebisha kitu kingine alichonionyesha kwa ganda tupu. Ganda lenye mshipi, ukilirudisha umbo kupita kiasi, mabega yanakwenda chini na risasi inashikiliwa na mshipi peke yake. Ukipiga, ganda linavutika pale juu ya mshipi. Likirudiwa mara kadhaa linakonda humo ndani, siku moja linakatika vipande viwili, nusu inabaki kwenye chemba. Siku hizi analisukuma kwenye kalibu kiasi cha kutosha tu, mabega yake yaendelee kuegemea mabega ya chemba. Alinipa waya mwembamba uliokunjwa ncha, nikapitisha ndani nikipapasa ukuta. Kwenye ganda moja kuukuu nilisikia kimfereji, kama ufa wa chungu unaousikia kwa kucha kabla ya kuuona. Akaliponda kwa koleo.

Safari hiyo ilipigwa risasi 11 za mkono, pamoja na zile za karatasi. Komeo lilifunguka kwa vidole viwili mara zote, hata saa nane mchana. Na sanduku lilikaa kwenye begi la turubai, kivulini, chini ya kiti. Hilo nilisimamia mwenyewe. Nyati alikuwa dume mzee wa peke yake, pembe zimelika, amelala kwenye kibonde cha matete. Hatua 55. Alipoinuka Mzee alimpiga begani, akakimbia kama hatua 70, tukasikia ule mlio wake wa mwisho ambao anayeusikia hausahau. Kichwa cha risasi mchunaji alikikuta chini ya ngozi ya ubavu wa pili, kimefunguka mbele, nyuma kizima. Mzee alikiosha kwa chai, sijui kwa nini chai, akakipima kwenye kimizani chake: greini 261. Nyama iligawiwa kijijini, na mimi nilipata mkia na sehemu ya kifua.

Malalamiko yangu yamebaki matatu, na yote ni ya fundi, simtaji. Pete za mkanda zinalia. Kwa mtu wa nyayo, chuma kinacholia nyii-nyii kila hatua ni adui kuliko jua. Nilizifunga kwa kipande cha khanga mpaka mwisho wa safari. Pili, mtutu umeng'arishwa mno. Unapendeza kwenye picha, lakini jua la asubuhi likiupiga unawaka kama kioo, na swala haulizi kimetoka wapi. Tatu, rangi nyeusi ya chuma ni laini kwa jasho. Pale ninaposhika mimi, juu kidogo ya magazini, kutu ilianza kuota siku ya nne. Mafuta kila jioni, la sivyo bunduki ya thamani ya nyumba inageuka jembe.

Kuhusu teke nitasema nilichokiona tu. Mzee alipiga karatasi mara sita mfululizo, akavua shati kuoga mtoni, bega halikuwa na alama. Mwindaji bingwa anasema ya .375 inasukuma, haichapi. Nasadiki.

Kwa hiyo bunduki nyota nne, ile ya tano iko kwenye pete za mkanda. Risasi za safari ya pili nazipa tano.

Juzi Mzee ameniandikia kupitia kijana wa Nachingwea. Anafikiria kumwagiza fundi bunduki ya pili, ile .300 yenye mbio, kwa ajili ya palahala, na anauliza naionaje. Nimemjibu alete, tutaiona. Ila baruti aijaze akiwa amevaa kaptula, na pete za mkanda fundi azivishe ngozi.